Maelezo Kuhusu Chupa Iliyotoka Zahle

KITUO CHA POLISI, QUSAYR
Jumamosi, tarehe 20 Oktoba 2018, saa 4:15 asubuhi
Mbele ya: Luteni Wagdy Kilani
Jina la shahidi: Rifaat Abdel-Zaher Shehata
Umri: miaka 24
Kazi: karani wa mapokezi, Hoteli ya Marjani Tatu
Makazi: nyumba ya wafanyakazi hotelini, kwao ni mkoa wa Minya
Dini: Mwislamu

Naeleza kwa hiari yangu. Nimeonywa nisiseme ninayoyadhani.

Mnamo Jumapili tarehe 14, saa tisa alasiri, nilimpokea Bibi Salwa Skaff, mjane wa miaka sabini hivi kutoka Zahle, Lebanoni, akiwa na dada yake. Ndani ya sanduku lake mlikuwa na chupa moja ya mvinyo isiyo na lebo, imevikwa soksi nene ya kiume. Hoteli hairuhusu mgeni kukaa na kinywaji alichokuja nacho kutoka nje. Kinafungiwa kabatini mapokezi mpaka akihitaji. Nilimweleza hivyo. Akasema, "Mwanangu, mwaka jana niliunywa mvinyo wenu. Kwetu ule tungesugulia masufuria. Ndiyo maana safari hii nimekuja na wangu." Alisema zabibu zake alizikanyaga mumewe, msimu wa mwisho wa uhai wake, na kwamba chupa iliyobaki ni hiyo moja. Angeifungua Alhamisi, kumbukumbu ya siku waliyooana.

Nilifunga kadi ya chumba namba 112 shingoni mwa chupa. Morcos Fanous, mhudumu wa mkahawa, alikuwa amesimama karibu. Akaniambia, "Shekhe, ukishaishika hiyo, nawa mara saba." Wafanyakazi huniita Shekhe kwa kuwa baba yangu ni mwadhini. Nikamjibu, "Nawe itazame kwa mbali, usije ukaidondoshea udenda." Nayataja maneno haya kwa sababu baadaye meneja aliyatoa kama ushahidi dhidi ya Morcos. Yalikuwa utani.

Jumanne tarehe 16, saa saba mchana, meneja, Bwana Hatem Zahran, alinipigia simu kutoka ofisini kwake. Alikuwa na mgeni kutoka Kairo ambaye simjui. Alisema, "Shekhe, niletee ile chupa ya ajuza wa Lebanoni. Huyu bwana si mtu wa kunyweshwa siki." Nikasema chupa ina mwenyewe. Akasema, "Nimekuuliza? Lete." Nikaipeleka.

Saa tisa aliniita niirudishe kabatini. Ilikuwa imejaa, kizibo mahali pake, nta nyekundu juu yake. Nta ya mwanzo pia ilikuwa nyekundu, lakini hii ilikuwa bado laini. Aliniagiza nioshe glasi mbili mimi mwenyewe, zisipelekwe jikoni. Katika moja kulikuwa na mvinyo wa kina cha kidole.

Nilikwenda kwenye choo cha wafanyakazi nikafunga mlango. Sikuumwaga. Niliunywa.

Luteni ameniuliza kwa nini. Nilitaka kujua ni kitu gani ambacho mtu anakivisha soksi ya marehemu na kuvuka nacho bahari. Sikuwa nimewahi kunywa kabla ya siku hiyo. Mwanzoni ulikuwa mkali, kisha ukabaki mdomoni kama tini iliyoanikwa juani. Nilisukutua mara tatu.

Alhamisi tarehe 18, saa nane mchana, nilimkabidhi Morcos chupa aipeleke mezani. Kabla ya hapo hakuwahi kuigusa. Funguo za kabati tunazo mimi na meneja tu. Bibi Salwa alikunywa funda moja akaweka glasi chini. Akasema, "Chupa ni yangu. Kilichomo si changu." Meneja alikuja akasema huenda safari imeuharibu. Bibi akamwambia, "Miaka arobaini na miwili nimefua soksi za yule mtu na kunywa mvinyo wake. Wewe utanifundisha nini?"

Meneja akageuka. "Basi ni Morcos. Hapa nani mwingine anayekunywa?" Morcos ndiye Mkristo pekee mkahawani.

Bibi akanisukumia glasi. "Onja wewe, mwanangu, uwe shahidi wangu." Nilionja kwa ncha ya ulimi. Ulikuwa mchachu, haufanani kabisa na ule wa Jumanne. Nikasema, "Mimi sinywi, bibi. Siwezi kujua tofauti." Huo ulikuwa uongo.

Jana saa tano asubuhi, polisi walioitwa na meneja walimchukua Morcos. Akipita mapokezi aliniambia, "Shekhe, mke wangu akipiga simu, mwambie nimepewa zamu ya ziada." Amepiga mara mbili. Nimemwambia hivyo.

Bibi Salwa hakutaka kesi. Alisema mbele yangu, "Sitaki mtu afungwe. Nataka tu kujua aliyeunywa aliupenda au hakuupenda."

Meneja anadai aliichukua chupa aipoze tu, hakuifungua. Sikumwona akiifungua. Lakini nilichokikuta kwenye glasi ofisini kwake na kilichomiminwa Alhamisi ni vitu viwili, na aliyeonja vyote viwili na kukubali kusema ni mimi peke yangu.

Luteni ameniambia anamfahamu baba yangu, na kwamba kijijini kwetu habari hufika kabla ya basi. Amesema anaweza kuandika kwamba nilinusa tu. Nimekataa. Meneja atasema pua ya mtu asiyekunywa haijui kitu, na Morcos atabaki ndani. Naomba iandikwe kwamba nilikunywa.

Bibi Salwa anaondoka kesho. Naomba ajulishwe kwamba sehemu yake ndogo niliinywa mimi, na kwamba niliipenda.

Sina la kuongeza wala la kupunguza. Nimeyasoma mwenyewe na kutia saini.

(Saini) R. A. Shehata

Maoni ya ofisa: Shahidi aliulizwa mara mbili kama anataka aya inayohusu kunywa ifutwe. Alikataa mara zote mbili. Saini ya kwanza iliharibika, akatia nyingine. Meneja ameitwa kituoni. Morcos Fanous ameachiwa saa 6:10 mchana. Kabla ya kuondoka shahidi aliomba kutumia simu ya kituo. Alimpigia baba yake, akaanza kumweleza mwenyewe. Nilitoka nje nikamrudishia mlango.

(Saini) Lt. W. Kilani