Taa Zisizochoma Mkono

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zikukute mzima, na kile kikohozi kiwe kimeshakuachia. Zamu za wodini bado zinakunyima usingizi? Huku hatujambo, ila goti la Baba linamsumbua akipanda ngazi.

Najua unangoja nikueleze huyo mchumba wako, fundi umeme, alimkosea Baba nini hadi akapigwa marufuku hapa nyumbani. Nitakueleza, ila nivumilie nianzie mbali kidogo.

Tangu jirani ainue ghorofa lake, ua wetu hauoni jua. Baba akahamishia miche yake ya nyanya chumbani kwako, na unajua ile miche ndiyo kazi pekee aliyobaki nayo. Ikaanza kurefuka, myembamba, imepauka. Dukani walitaka kumuuzia zile taa za zambarau za kukuzia mimea, za bei ya kutisha. Fundi akamkataza, akaleta taa za LED nyeupe, ndefu, za kawaida kabisa kama za ofisini. Alisema mche hauna haja ya mapambo, unataka mwanga mwingi wa karibu, na taa hizo hazipotezi umeme kwa kutoa joto. Akazining'iniza kwenye mbao, shubiri moja juu ya miche.

Machale yakanicheza. Nilizishika zikiwaka, hazichomi! Bei ndogo, umeme kidogo, joto hakuna. Nikaona hapo lazima kuna mtu anachezewa shere. Halafu kila nikimkaribisha chai, anasema ameshakunywa. Mtu anayekataa chai kila siku ana lake jambo. Nikamwambia Baba kwamba tumeletewa makapi yaliyobanduliwa nyumba ya mtu. Baba akacheka, akasema ningekuwa mlinzi wa benki ningempekua hata meneja. Wiki mbili baadaye miche ikanenepa shina, nikasema hiyo ni mbolea tu.

Kisha Baba akaenda kwa shangazi siku nne, akaniachia miche. Aliporudi aliikuta imejikunja, majani yamekauka kama karatasi iliyobabuliwa na moto. Akamwita fundi. Fundi aligusa majani, akasema taa zake haziwezi kuunguza hivyo. Akaangalia zile mbao, akaniangalia, halafu akafunga mkoba wake. Hata hilo nililishuku. Baba, kwa uchungu, akamwambia kwamba aliyeshindwa kulinda miche hatamkabidhi binti, na maneno ya posa yaishe.

Sasa kaa chini ndipo uendelee kusoma. Hakumkosea Baba kitu. Baba alipoondoka tu, mimi nilishusha zile taa, nikafunga globu mbili za kizamani, wati mia kila moja, za moto hasa, shubiri ileile moja. Nilitaka Baba arudi akute miche imestawi kwa taa zangu, amwone fundi mbabaishaji. Siku ya tatu iliungua yote. Nikarudisha taa zake, nikajikausha, nikamwacha apakwe matope.

Nilijidanganya kwamba nakulinda. Ukweli, mdogo wangu, niliogopa uolewe nibaki peke yangu katika nyumba hii. Uliponipigia ukilia ukauliza kafanya nini, nikakujibu kwamba sijui. Nisamehe kwa hilo kwanza.

Asubuhi ya leo nimemweleza Baba. Akasema mtu wa kuyasikia hayo ni fundi. Nikaenda karakanani kwake, nikasema yote mbele ya wateja wawili. Aliniambia alijua siku ileile, maana globu zangu ziliacha alama za moto kwenye mbao, lakini hakutaka kumgombanisha baba na bintiye. Jioni Baba amekwenda mwenyewe kumwomba radhi. Posa imerudi, imebaki kauli yako.

Wasalimie wauguzi wenzako, na ujitunze. Fundi anakuja huko kesho, nimemwomba akuletee barua hii. Bahasha sijaifunga.

Ni mimi,
Dada yako