Kiwanda cha Spana Kimefunguliwa Tena

Marlow Creek, Pennsylvania
Jumapili, baada ya ibada

Mdogo wangu mpenzi Orrin,

Nakusalimu kwa jina la Bwana, wewe na wifi yangu Lucille. Natumaini joto la Arizona limeupa mgongo wako nafuu. Huku tunapumua. Royce kifua kinambana tangu theluji ianze, lakini anakula, na akishakula ananung'unika, ndipo najua mume wangu hajambo.

Umeniuliza habari za kiwanda, maana unataka kuuza nyumba urudi kufua spana kama zamani. Nitakueleza yote, nawe usinikatize kama kawaida yako.

Ni kweli kimefunguliwa. Bendi ya shule ilipiga, na shemasi Harlan Stutz, ambaye sasa ndiye meneja, akatuombea mpaka miguu ikafa ganzi. Alisema kazi iliyokimbilia Asia imerudi nyumbani. Mimi na Dottie wa kung'arisha tulishikana tukalia kama wasichana.

Kisha kazi ikaanza. Ile mashine mpya yenye mkono wa kuokota chuma chekundu huangusha kimoja na kuponda kingine, na fundi wake hutoka Ujerumani kwa ndege. Chuma chetu cha zamani hakipatikani. Wanaokiyeyusha walimwambia Harlan oda yetu ni ndogo mno, hawawashi tanuri kwa kikombe kimoja cha chai. Basi tunafua chochote kinacholetwa. Vijana huja asubuhi, wakionja lile joto, adhuhuri wako kwenye ghala la vifurushi, penye kiyoyozi, kwa mshahara uleule. Mmoja alimuuliza Dottie, bibi, hii kazi mlikuwa mnaifanya kwa hiari au mlihukumiwa?

Unakumbuka desturi yetu, spana ya kwanza ya zamu kubanwa kwenye jiliwa, lile koleo kubwa la mezani, na kuvutwa kwa bomba mbele ya wote. Ikipinda, tunaanza kazi. Ikikatika, aliyeifua ananunua kahawa na kutaniwa mpaka jioni. Sasa zinakatika kama biskuti. Mwanzoni tulicheka, tukamwambia Mervin kahawa itamfilisi. Siku moja kipande kikaruka kikampasua nyusi. Kesho yake jiliwa halikuwepo. Harlan alisema desturi ile inavunja watu moyo.

Hata zile nzima hazinunuliwi. Dukani zimelala kando ya zile za nje, bei yetu mara tatu. Nilimkuta mchungaji wetu akichukua ya nje kwa mabomba ya kanisa. Akaniambia, dada Verna, bendera haizibi bomba. Nikachukua na mimi moja, maana Royce naye alikuwa amenituma hiyohiyo.

Sasa nije kwa lililonikalisha hapa mezani. Harlan alikuja nyumbani kuomba spana za marehemu baba, aziweke mapokezini wageni wazione. Nikampa na sanduku lake. Jumatatu Dottie akaniambia kwamba Harlan alimpa baadhi azisugue nembo ya zamani itoke na kuzing'arisha, zikachongwa nembo mpya, naye Harlan akazituma kwa mafundi wa zamani kana kwamba tumezifua sasa. Wenye mtaji wametishia kujitoa asipoonyesha kwamba mafundi wanarudi. Ndiyo ile uliyotumiwa, Orrin. Uliniandikia kwamba uliibana, ukaivuta kwa uzito wako wote, ikapinda bila kukatika, ukamwambia Lucille tunarudi nyumbani. Uliyoipinda ni spana ya baba.

Na bado sijamaliza. Tangu Jumatatu simu iko ukutani na sijainyanyua. Nilipiga magoti kumwomba Mungu anionyeshe njia, na njia nilikuwa naijua. Nilitaka urudi tu. Nilitaka unizike wewe, si wageni. Nikawaza, akishauza hatakuwa na pa kukimbilia, atabaki. Ndivyo nilivyowaza, mimi ninayefundisha watoto shule ya Jumapili. Hata leo sipigi simu, maana ungesikia sauti yangu ukanisamehe kabla sijafika hapa. Naituma hii kwa posta ya haraka.

Usiuze. Kama umeshatia saini, basi njooni, chumba cha nyuma ni chenu. Utanitukana mezani kila siku, nami nitakupakulia.

Royce anawasalimu, hajui niliyoandika. Mbusu Lucille kwa niaba yangu, kama atakubali. Bwana awalinde kuliko nilivyowalinda mimi.

Ni mimi dada yako,
Verna