Dhoruba Iliyomfukuza Mahfudh

Swafiya shoga yangu, uko? Nilikuwa jikoni nachuja chai ya asubuhi, honi ikalia nje. Mahfudh. Yule yule ambaye mwaka mzima namngoja aseme neno.

Akasema, "Faiza, twende tukafukuze dhoruba." Unajua watu wa huku Minneapolis huifuata kwa gari, wakaipige picha.

Shangazi Zamzam akasikia "kufukuza" tu. Akaja na chetezo na ubani, akaketi kiti cha nyuma. "Haya, tukaifukuze."

Tulipopita kitongoji cha Plymouth mbingu ikawa kijani. Mahfudh alikuwa bado akitusomesha mawingu kama mwalimu. Mvua ya mawe ikaanza kupiga paa la gari. Akageuza, akakanyaga mafuta.

Shangazi, ndani ya moshi wake: "Mwanangu, mbona wafukuzwa wewe?"

"Wafukuzwa wewe," Swafiya! Nilicheka mpaka nikaona haya.

Mahfudh akaegesha kwenye kituo cha petroli, akageuka nyuma. "Shangazi, mimi dhoruba naiogopa. Nilitaka saa moja tu na Faiza, nimwambie nataka kumposa."

Shangazi akafunika chetezo. "Basi ungesema kuposa. Ubani wa posa ni ule ule."