Zamu ya Mbaraka

Uingereza, 4 Februari 1996

Dada Rahma,

Shikamoo. Mimi mzima, isipokuwa magoti. Yana miaka arobaini na saba na ngazi za chuo hayazitaki. Macho ya mama yanaendeleaje?

Kuja kama ulivyoniomba, sasa siwezi. Kuna chombo kinachozunguka dunia huko juu, kinachambua mwanga wa nyota ya mkia uwe mistari, na kila mstari unataja kitu kilichomo: maji, salfa, kaboni. Sehemu ya mwanga huo huzuiwa na hewa yetu, ndiyo maana inasomwa kutoka juu. Tunagawiwa zamu kama maji ya mfereji. Yangu ni Machi. Ikinipita, ndiyo basi.

Mdogo wako,
Mbaraka

Lushoto, 2 Machi 1996

Mdogo wangu,

Marahaba. Hatujambo, ila jana mama kamwamkia mbuzi, kamuuliza na habari za watoto. Madaktari wa macho watafika Mei. Amekataa katakata kupasuliwa mpaka mwanawe wa kiume asimame mlangoni.

Nawe usinifundishe zamu! Hapa mtu akifiwa, jirani humfungulia maji, karoti zake zikanywa. Huko hakuna majirani? Au nyota yako ina wivu?

Dada yako,
Rahma

Uingereza, 28 Aprili 1996

Dada,

Shikamoo. Nisamehe kimya changu. Majirani wapo. Zamu yangu kaichukua binti niliyekuwa nasoma naye. Kaona salfa, kaona maji yaliyovunjwa na jua, akaja kunionyesha picha zote taratibu, kama mtu anayemwonyesha babu mjukuu.

Nilikudanganya, dada: mimi chuo kilinitoa tangu Desemba. Nasugua sufuria hotelini. Nikitoka nchi hii siingii tena, na huko nafasi yangu ya ualimu ilikwenda walipopunguza watu. Kijiji kizima kilinisindikiza stendi, dada. Nitapitaje mbele yao na mvi hizi, mikono mitupu?

Mama asijue.

Mdogo wako,
Mbaraka

Lushoto, 17 Mei 1996

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimemsomea mama. Nikiruka neno hunijua kwa pumzi.

Madaktari walikuja Jumanne, akawarudisha. Nikafoka, nikalia. Akanijibu: “Mwandikie aje upesi, wakati bado sioni. Mvi zake sitaziona. Mikono ikiwa mitupu, nitaishika hivyohivyo. Madaktari watarudi mwakani. Huyu akiyaonea haya macho yangu, hatarudi.”

Jicho la kushoto lilikuwa bado linaona mwanga kidogo. Tangu jana amelifunga kitambaa.

Dada yako,
Rahma