Mikono Miwili ya Kushoto

Mshauri mpendwa, shikamoo, naomba msaada na naomba upesi. Najifunza ushonaji kwa shangazi yangu, huu mwezi wa kumi na nne, na muda wote huo kazi yangu ni kupinda pindo, kutia vifungo na kufumua nguo za watu zinazobana, mkasi mkubwa siruhusiwi kuugusa, nikiuliza lini ananijibu, "Bado," basi, na rafiki yangu niliyeanza naye siku moja, yeye kwa fundi mwingine, ameshatundika kibao chake na kila tukikutana ananiuliza vifungo havijambo. Sasa Jumatatu shangazi alikwenda kliniki, nikaona kitambaa cha koti la mama wa bibi harusi, nikasema leo atanijua, nikakata mwili wa koti vizuri kabisa, nikaweka karatasi ya kukatia mkono wa koti nikakata, nikaiweka tena vilevile bila kuigeuza nikakata, kuja kulinganisha, mikono yote miwili ni ya kushoto, na kuugeuza mmoja haiwezekani kwa sababu kitambaa kina uso na mgongo, na kilichobaki hakitoshi mkono mzima. Nimevificha vipande chini ya boksi la mabaki ya vitambaa, nikamdanganya shangazi kwamba kitambaa nimekiloweka kirudi kwanza kabla ya kukatwa, naye akanisifu kwa kukumbuka, yaani akanisifu, Mshauri, nilitamani ardhi inimeze. Harusi ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nafikiria kubeba cherehani ya zamani ya mama nikaanze kwingine. Nifanye nini?
Mpinda Pindo

Marahaba, Mpinda Pindo, na pole. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Ukaanze kwingine? Huko nako watu wana mkono wa kulia. Na rafiki yako mwache na kibao chake, kibao hakikati kitambaa. Wewe unadhani pindo ni adhabu, kumbe aliyepinda nguo mia kidole chake kinajua uso na mgongo wa kitambaa kabla ya macho. Ulikuwa unafundishwa kitu hichohicho kilichokuangusha, ila wewe ulikuwa unahesabu miezi.

Mficha uchi hazai. Kila siku unayoficha unamnyima shangazi siku ya kurekebisha. Leo bado anaweza kutafuta kitambaa kama hicho, au kuuunga mkono wa kulia kwa kitambaa cha rangi nyingine na kola ikafuata rangi hiyo, ionekane ilikusudiwa. Ijumaa ya kuamkia harusi hataweza lolote. Tena barua yako nimeisoma hewani, na mafundi hushona redio ikiwaka. Afadhali asikie kwako.

Kwa hiyo vitoe vipande vyote, vitandaze mezani kwake, useme, "Shangazi, nilikata bila ruhusa, kisha nikakudanganya." Rafiki usimtaje, miezi kumi na nne usiitaje. Atafoka, mwache afoke. Akianza kurekebisha, kaa karibu utazame. Na mkasi usiuombe. Omba pindo la koti hilo, ulipinde kwa mkono, polepole, mpaka shangazi aligeuze na asione pa kufumua.