Viti vya Nyuma

Garland, Jumapili

Papa wangu,

Simu yako haipokelewi, ndiyo maana naandika. Natumaini huko Houston joto limepungua. Mama bado anafanya kazi kule ghalani. Merveille ameng'oka jino la mbele na sasa anacheka akiwa ameziba mdomo. Mimi nimefaulu hesabu.

Kalenda ya Ferrari ya mwaka 1991, uliyokuja nayo kutoka Uvira, bado iko ukutani. Unakumbuka tulivyogawana magari? Mimi nilichukua F40, Merveille Testarossa, Mama 348. Wewe ukachagua Mondial, Mama akakucheka: "Magari yote haya, unataka hilo la padri?" Ukamjibu, "Ndilo pekee lenye viti vya nyuma. Watoto nitawapakia wapi, juu ya paa?"

Picha uliyotutumia tuliiona. Gari lako jipya linapendeza, na mwanamke aliyeketi kando yako anatabasamu vizuri. Merveille aliitazama sana, kisha akauliza, "Dada, mbona viti ni viwili tu? Sisi tutakaa wapi?" Mama aliinuka akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi. Tangu siku hiyo hajataja jina lako.

Papa, nimerefuka, lakini najua kukunja miguu. Merveille nitampakata. Ukipata gari lenye viti vya nyuma, hata bovu, njoo utuone. Hakuna haja ya kupiga honi. Tutakuwa dirishani.

Binti yako,
Carmel