Shangazi Hayumo Kundini

Endagikot, Mbulu
12 Mei 2024

Kwako mwanangu Maximilian,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo huko Dodoma na kazi inaendelea. Huku sisi wazima, ila baridi imewahi mwaka huu na goti langu limeungana nayo. Mahindi yanakauka vizuri, tunamshukuru Mungu.

Nakuandikia karatasi kwa sababu nikikupigia nitasema maneno ambayo baadaye sitaweza kuyarudisha. Barua hii nimempa jirani yangu, mwalimu Leticia, anayekuja huko kwenye semina.

Jumapili baada ya misa nilifungua simu nikakuta kundi letu la ukoo halinipokei tena. Imeandikwa kwamba Maximilian amekuondoa. Nilimwita binti yangu Sara, aliyekuwa amekuja kutoka Babati, anisomee, nikidhani ni macho yangu. Akasoma vile vile, naye akajitoa papo hapo kwa hasira.

Nimefanya nini? Nilimwambia Renatus mbele ya ndugu kwamba baba yake anakohoa Dongobesh na yeye hajakanyaga huko tangu Krismasi, lakini picha zake za nyama choma tunaziona kila wiki. Hilo ndilo kosa? Shangazi asiposema, nani aseme? Baba yake ni kaka yangu. Tulizaliwa watatu: Tluway, marehemu baba yako Basili, na mimi kitindamimba. Tumebaki wawili. Goti haliniruhusu kwenda Dongobesh kila nikitaka, na kaka simu hashiki, masikio yamechoka. Habari zake nilizipata humo kundini, mkewe Judica akituandikia asubuhi kama amekunywa uji au hakuutaka. Sasa nitajuaje?

Nijibu, mwanangu. Ila usinijibu kama mkubwa wa kundi.

Mimi shangazi yako,
Ernestina


Dodoma
29 Mei 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Pole sana na goti. Mimi na mke wangu Natalia hatujambo, watoto wanakusalimu na wanauliza lini utawaletea maziwa mgando.

Barua yako nimeisoma mara mbili na imeniumiza. Lakini nisikilize na mimi. Kundi lile lina watu zaidi ya sitini. Siku ulipomsema Renatus, vijana kadhaa waliniandikia pembeni kwamba wanatoka. Tulikubaliana tangu mwanzo kwamba hakuna kumtaja mtu kwa jina na kumwaibisha. Nilikuonya, ukanijibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika saba, na humo ndani ukawataja wengine wawili.

Unajua kazi yangu ni kupanga kurasa za simu, kitufe kikae wapi na juu yake liandikwe neno gani. Nimeona makundi mengi yakifa, shangazi. Mara nyingi hayauawi na watu wabaya. Yanauawa na watu wema wanaosema kila kitu mbele ya kila mtu. Ukimkaripia Renatus uani kwako, baada ya muda utampa chakula na yataisha. Kwenye simu maneno hayaondoki, kila anayepita anayasoma upya, na aibu inaanza tena.

Mwandikie Renatus neno moja la upole, peke yake, nami nitakurudisha siku hiyo hiyo. Kuhusu baba mkubwa usiwe na hofu. Likitokea lolote nitakuambia mimi mwenyewe.

Ni mimi mwanao,
Maximilian


Endagikot
2 Julai 2024

Mwanangu Maximilian,

Marahaba. Tunaendelea vizuri. Tumeanza kuvuna, mikono yote imechubuka, na kwa wiki tatu sijatoka shambani ila kwenda misa. Wasalimie watoto, waambie maziwa wataletewa wakija wenyewe.

Nimelitafakari lile uliloandika, kwamba maneno kwenye simu hayaondoki. Lina ukweli, sitakubishia. Lakini umesema nikimkaripia mtu uani nitampa chakula. Sasa wewe umenikaripia mimi, chakula changu kiko wapi? Umefunga mlango ukaenda kulala.

Ugomvi ulikuwepo hata zamani, tena mkubwa kuliko huu. Baba mdogo wa babu yako aligombana na ukoo mzima akahamia ng'ambo ya bonde, watu hawakusalimiana miaka. Lakini ukitokea msiba, kuna mtu alitumwa nyumba kwa nyumba, na hata kwa yule alifika akapiga hodi. Siku zangu mjumbe huyo ni Xavery, na hajawahi kuruka mlango. Alimchukia mtu au hakumchukia, alifika. Nyinyi wenye kazi ya kupanga simu mlifikirie hilo.

Renatus sitamwandikia. Nitamwona uso kwa uso.

Sasa nikupe habari njema. Wiki ijayo mahindi yakishaingia ndani, Sara atanipeleka Dongobesh nikakae na kaka hata siku kumi. Nimemwekea samli ya ng'ombe wetu, maana ya dukani haipendi, anasema inanuka mfuko. Tafadhali mwambie Judica asimwambie kwamba ninakuja. Nataka nimshtue. Tangu tukiwa wadogo anapenda kushtuliwa, halafu anajifanya amekasirika.

Shangazi yako,
Ernestina


Dodoma
6 Julai 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Unaposoma karatasi hii, Xavery atakuwa ameshakaa mbele yako na ameshakuambia. Nimemwomba asikupe barua kabla hajasema kwa mdomo.

Baba mkubwa Tluway alifariki tarehe 23 Juni. Tulimzika tarehe 26, nyumbani kwake Dongobesh. Barua yako inayotaja samli nimeipata jana. Siku uliyoiandika alikuwa kaburini karibu wiki nzima.

Ndipo nilipojua kwamba hukujua.

Tangazo nililiandika mimi, kundini, mara tu Judica aliponipigia. Nilitazama alama za bluu zikiongezeka mpaka wote wakawa wamesoma. Nikajiona nimemaliza. Simu ilinionyesha kila aliyesoma, lakini haikuwa na mahali pa kunionyesha asiyekuwemo. Na mimi niliyeahidi kukuambia mwenyewe nilikuwa natafuta tiketi ya basi. Sara naye alikuwa ameshajitoa, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kwako hata mmoja mle ndani. Xavery hakutumwa. Nani angemtuma, wakati wote tumesoma?

Kuna jingine, na hili ni baya zaidi. Msibani watu waliuliza uko wapi. Nikasikia mtu akisema, "Ernestina amesusa hata maziko ya kaka yake." Nilisikia nikanyamaza. Moyoni nami nilikuwa nimekukasirikia.

Kukuondoa nilibofya mara mbili tu, nikiwa nasubiri chai. Kazini tunasifiwa kwa kurahisisha mambo, na mimi nimesifiwa sana. Hili lilistahili kuwa gumu. Nilipaswa kupanda gari hadi kwako, nikae, nikuambie usoni kwamba ninakutoa katika ndugu zako. Nisingeweza, shangazi.

Asubuhi hii nimekurudisha kundini. Najua haisaidii kitu. Nisamehe, kama kuna njia.

Mwanao,
Maximilian


Endagikot
4 Agosti 2024

Mwanangu Maximilian,

Marahaba. Tumsifu Yesu Kristo. Umeniulizia hali kupitia kwa Leticia mara nyingi nami sikujibu. Hali yangu ni ya mtu anayekula kwa sababu ameambiwa ale.

Xavery alifika. Alikaa kwenye kigoda, akashika kofia yake, akachelewa kusema mpaka nikajua. Namshukuru kwa kuchelewa kule.

Kundini nimejitoa mwenyewe. Sikujitoa kwa hasira. Mle wameshamaliza msiba, wanapongezana siku za kuzaliwa, na mimi ndiyo kwanza naanza.

Nilikwenda Dongobesh. Judica hakuinuka kunipokea, aliendelea kuchambua maharage. Nilipomwambia sikuambiwa na mtu yeyote, ungo ulimtoka mkononi. Ndipo akanieleza. Siku mbili kabla ya kufa, kaka aliniulizia. Waliokuwepo wakamwambia, "Ernestina katoka kwenye ukoo, kuna maneno." Akauliza, "Nimemkosea nini?" Hakuna aliyemjibu, maana nani angeanza kumweleza mzee yule kundi la simu ni nini? Akauliza tena kesho yake. Ameondoka hivyo, Maximilian. Ameondoka akidhani nimemkasirikia.

Hilo siwezi kukusamehe leo, na sitakudanganya kwamba nimekusamehe. Huenda litakuja, nasali lije. Lakini wewe ni mtoto wa Basili, na mtoto hatupwi.

Nakupa kazi. Omba likizo uje. Usiandike lolote kwenye simu. Mchukue Xavery, mpite kila nyumba ya ukoo, kuanzia Dongobesh mpaka huku kwetu, hata zile za juu ambako pikipiki haipandi. Ukifika, keti. Kisha useme kwa mdomo wako kwamba Ernestina hakususa, hakuambiwa, na wewe ndiye uliyetakiwa kumwambia. Wakikutukana, nyamaza. Renatus naye mchukue. Amemzika baba yake bila kumwona mzima, ana mzigo mzito kuliko wako, na mimi sina tena la kumkaripia.

Mkimaliza nyumba zote, njooni kwangu. Matanga yaliondolewa mimi sipo. Majirani wa hapa walinipa pole siku moja wakarudi mashambani, maana kwao ni habari iliyopita. Kila nikianza kulia nasikia nyumba ilivyo kimya, nanyamaza. Mtu hamlii ndugu yake peke yake. Tangu Xavery aondoke nimekaa na kilio hiki, sina wa kulia naye.

Njoo tumlie. Nakusubiri.

Shangazi yako,
Ernestina